Firigisi ya Salamabila

Hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza. Maneno hayo nimeyasema sokoni Kasongo, nimeyasema matangani, nimeyasema hata kanisani siku ya ushuhuda, na sikuyasema bure. Shule nilisoma miaka minne. Mwaka wa tano baba alisema ada imemushinda, nikatoka, na kusoma vizuri nikajifundisha mwenyewe kwa maandishi ya makartoni ya sabuni. Miaka kumi na moja nilisukuma kinga, yaani baiskeli iliyobebeshwa bidoni za mafuta ya mawese mpaka haina tena nafasi ya mutu kupanda, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, na kurudi na muchele. Nimekutana njiani na watu wenye bunduki waliochukua mafuta, kinga na viatu, wakaniachia shati kwa sababu lilikuwa limepasuka mugongoni. Nikaanza tena. Kwa mikono hii, bila mujomba serikalini, nilipata depo ya mafuta na unga, pikipiki tatu, na nyumba.

Nyumba hiyo muisikie vizuri. Ni ya matofali ya kuchoma, mabati thelathini na mbili, milango ya mbao nzito ambayo mutu akiigonga anaumia yeye. Ilikuwa ya kwanza ya matofali mu mutaa wetu. Mugeni akiuliza njia anaambiwa: pita nyumba ya matofali, kisha ukate kushoto. Mama yangu, aliyezaliwa upande wa Kabambare na akanizaa chini ya nyasi zilizovuja, ana chumba chake ndani, chenye dirisha la kioo. Nilimuahidi nikiwa kijana kwamba hatakufa chini ya nyasi. Nyumba hiyo nusura ninyang'anywe kwa sababu ya firigisi moja ya kuku, na mimi ambaye sikushangazwa na bunduki nilikaa miezi sita nikitetemeka kila niliposikia pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya uzio wangu.

Jambo lilianza na rafiki yangu muheshimiwa. Wakati wa kampeni nilimupa pikipiki zangu tatu na petroli juu yake, na alipopita hakunisahau: akifika Kasongo anakuja kukaa depo yangu, juu ya bidoni iliyogeuzwa, walinzi wake wawili wakisimama nje wakitafuna karanga zangu. Siku hiyo aliniita pembeni, akaanza na "Yaya", neno letu la kumuheshimu ndugu mukubwa.

"Yaya, nina kitu. Sitaki kimuendee mutu wa mbali."

Kitu chenyewe kilikuwa boti kubwa ya kuvusha watu, pikipiki na mizigo kwenye muto Lualaba. Ruhusa alikuwa nayo, alisema, muhuri ulikuwa unakauka. Fundi wa mbao alikuwa naye. Alikosa mutu wa pesa, mutu mumoja tu, ambaye angeweka mutaji na kugawana naye faida nusu kwa nusu.

"Yule Pedeje wa Salamabila," akasema, "si munajuana?"

Kule Salamabila kila mwenye shimo la zahabu anaitwa Pedeje, lakini mutu akisema Pedeje bila kuongeza neno, ni huyo mumoja. Nikacheka.

"Kujuana? Yule ni mukono wangu wa kuume! Tumesukuma kinga pamoja, tumelala chini ya turubai moja, nimemupulizia kidole cha muguu kilipokuwa kinaoza. Huyo, Muheshimiwa, hawezi kunikatalia kitu."

"Basi mupelekee neno."

"Hesabu limefika."

Hivyo tu. Hakunipa hata franga ya petroli, na mimi sikuomba, kwa sababu mutu mukubwa haombi petroli.

Nilitoka Kasongo asubuhi juu ya pikipiki yangu mpya, nikalala Wamaza, kesho yake nikaingia Salamabila nikiwa nimejaa vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio. Pedeje alinipokea kwa vicheko. Amenenepa, lakini bado anachechemea kwa kile kidole. Aliamuru jogoo akamatwe. Alikuwa amekaa na wachimbaji wake, watu arobaini hivi, chini ya kibanda kirefu cha bati ambako wanakula mchana, na mbele yao wote nikatoa neno la muheshimiwa. Mutu mwingine angelitoa kwa sauti ndogo. Mimi nilisimama. Nilisema muheshimiwa hanywi chai bila kunipigia simu. Nilisema boti ile nimeiona kwa macho yangu (nilikuwa nimeona mbao sita), na kwamba pesa ikiingia pale itazaa kama panya.

"Hiyo boti inaelea tayari, ao inaelea mu kinywa chako?" akauliza muchimbaji mumoja, kijana wa meno mapana. Watu wakacheka.

"Kijana, mimi nilianza kuuza mafuta wewe ukiwa bado unapakwa na mama yako," nikamujibu, na wakacheka zaidi, upande wangu sasa. Nikasikia utamu.

Hapo chakula kikaja. Sasa lazima nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo hamutanielewa. Kwa watu wa upande wa mama yangu, na Salamabila ni hukohuko, neno la mapatano halitembei bila kuku. Kuku anachinjwa, na firigisi inawekwa peke yake juu ya nyama, na inakwenda kwa mwenye neno. Anayeila amesema: neno hili ni langu, likioza munitafute mimi. Mutu aliyetumwa tu haili. Mama alinifundisha nikiwa mudogo kabisa: ukipewa firigisi na neno si lako, isukume kwa kidole kimoja, useme, "Mwenyewe yuko nyuma." Kisha ule paja, unywe maji, urudi kwako kwa amani.

Nilijua. Naandika hivyo ili mutu asije akasema kwamba sikujua.

Mama mudogo wa Pedeje, muzee mwenye mikono imara kama ya mutwangaji, aliweka sahani mbele yangu. Firigisi ilikuwa juu, imepasuliwa vizuri, inang'aa mafuta. Pedeje alinitazama. Kidole changu kilitoka, naapa, kilitoka kwenda kuisukuma. Lakini nitasemaje "mwenyewe yuko nyuma" mbele ya yule kijana wa meno, wakati nimetoka kusema kwamba muheshimiwa hanywi chai bila mimi? Nikaishika. Nikaitia mu kinywa.

"Amekula," akasema muzee.

"Amekula," wakasema wachimbaji, wote, kwa sauti ya chini kama watu wanaojibu sala.

Firigisi ikawa jiwe. Niliitafuna muda murefu sana, nikitabasamu.

Kesho yake asubuhi Pedeje alinipa dola elfu tisa zilizofungwa mu kitambaa cha kichwa. Nilizifukia ndani ya gunia la karanga na kurudi nazo siku mbili, na kila barieri njiani niliona macho ya askari yanapitia gunia mpaka chini. Kasongo nilimukabidhi muheshimiwa mwenyewe, mukono kwa mukono. Niliuliza kama tuandike.

"Yaya, kati yetu karatasi ya nini?"

Nikajibu kweli, karatasi ni ya watu wasiojuana.

Miezi minne ikapita vizuri. Halafu simu ya muheshimiwa ikaanza kuita bila kujibiwa, halafu ikaacha kuita. Nilikwenda mutoni. Boti ilikuwa pale, kweli, mbavu zake zimepigiliwa upande mumoja, na ndani yake mbuzi walikuwa wanakula majani yaliyoota. Fundi aliondoka zamani kutafuta kazi kwingine. Nilijiambia: siasa inachelewa, haifi.

Siku ya soko, mwezi wa tano, pikipiki ilisimama mbele ya uzio. Kijana nisiyemujua akateremsha kuku jike mweusi, amefungwa miguu, mzima.

"Pedeje anakusalimia," akasema.

"Na neno gani lingine?"

"Hakuna. Anakusalimia tu." Akaondoka bila kunywa maji.

Nilifurahi! Niliwaita watoto waone: tazameni jinsi marafiki wa baba yenu wanavyomukumbuka. Nilikuwa natafuta kisu wakati mama alipotoka chumbani kwake. Alimutazama yule kuku. Akanitazama mimi. Akakaa chini palepale, juu ya kizingiti.

"Ulikula nini kule?" akaniuliza.

"Mama, nilikula chakula, kama mugeni yeyote."

"Nakuuliza tena. Ulikula nini?"

Mimi ni mutu wa miaka hamsini na mbili. Nilishindwa kumuangalia.

"Mutoto wangu," akasema polepole, "huyu hachinjwi, hauzwi. Huyu anafugwa, na siku ya kulipa anarudi kwa mwenyewe. Kila mwezi atakuja mwenzake. Wa saba huja na wenyewe."

Wenyewe maana yake ni watu wanaodai. Mama alikuwa ameona kwa macho yake, alipokuwa musichana: mutu wa kijiji chao alikula firigisi ya neno lisilo lake, na kuku wa saba alifika na watu thelathini. Hawakumupiga. Hawakumutukana. Waliketi mu kiwanja chake. Walipika kwa chungu chake, wakala mihogo ya shamba lake, na kuni zilipokwisha wakang'oa mulango, kisha madirisha, kisha boriti. Mutu huyo na watoto wake waliondoka wenyewe, na hakuna aliyewasaidia, kwa sababu wote walijua kwamba alikula.

Usiku ule sikulala, na nyingine nyingi baada yake, lakini woga wenyewe ulikuwa wa mchana. Mchana ndipo pikipiki zinapita. Niko depo, napima mafuta, nasikia moja inapunguza mwendo, mafuta yanamwagika, muteja anacheka: "Mukubwa, leo unatoa nyongeza!" Nilianza kuhesabu milango yangu. Nilipapasa zile mbao nzito nilizojivunia na kuona zingewaka vizuri.

Kuku wa pili alikuja, mweupe. Wa tatu, mwekundu. Kila mumoja na salamu ileile, "Pedeje anakusalimia," kama vile anatuma pole kwa mugonjwa. Mutaa mzima ukaona. Jirani alisema juu ya uzio, "Ndugu, wewe sasa ni mufugaji?" na nilijua kwamba anajua, kwa sababu muke wake pia ni wa Kabambare.

Kati ya wa nne na wa tano, mwewe alimubeba yule mwekundu. Nilimuona akipaa naye juu ya mabati, miguu ikining'inia, na nilikimbia nyuma yake mutaani nikipiga kelele, mutu muzima, kandambili moja ikabaki njiani. Watu walidhani nimeibiwa mutoto. Muke wangu alinishika shati.

"Baba watoto, ni kuku!"

"Si kuku!" nikamujibu. "Ni mulango! Ni boriti! Ni kitanda cha mama!"

Nilizunguka soko la Kasongo siku mbili nikitafuta kuku jike mwekundu wa umbo lilelile, mwenye shingo tupu. Nilimupata kwa muzee mumoja aliyeona macho yangu na kupandisha bei hapohapo. Franga elfu kumi na nane. Nililipa bila kubisha, mimi ambaye nabisha hata bei ya kiberiti.

Muheshimiwa alifika Kasongo mwishoni mwa mwezi wa kuku wa sita. Safari hii hakuja depo. Nilimufuata alikofikia, nikangoja kwenye benchi pamoja na waomba-kazi, na walinzi waliotafuna karanga zangu wakaniuliza jina. Alipotoka nilimueleza yote: kuku, mama, kiwanja. Nilisema, "Muheshimiwa, hata nusu. Hata mbao za boti."

Alinisikiliza vizuri. Hakuwa mukali. Alisema pesa iliingia mu kampeni ya pili, kampeni ikamumeza, hata yeye anadaiwa na watu wasiotuma kuku. Kisha akaweka mukono begani mwangu.

"Yaya, mimi nilikutuma na kinywa. Nani alikutuma na tumbo?"

Walinzi wakacheka. Benchi yote ikacheka.

Basi nikauza. Pikipiki mbili zikaenda, na kiwanja nilichonunua njia ya mutoni kwa ajili ya watoto. Vyote vikatoa dola elfu tatu na mia nane. Nyumba sikuigusa; mutu hawezi kuuza nyumba ili aokoe nyumba. Kuku sita niliwafunga wawili wawili kwenye pikipiki iliyobaki, na mama akatoka kunifunga kitambaa shingoni kama mutoto anayekwenda shule. "Usisimame ukisema," akaniambia. "Safari hii, keti."

Njia ya Salamabila sijawahi kuiona ndefu hivyo. Wamaza nililala na kuku ndani ya chumba, nikiwahesabu kila walipopiga kelele. Baada ya hapo, kila kona nilitegemea kukutana na msafara: wachimbaji arobaini wanakuja Kasongo na kuku wa saba, na yule kijana wa meno mbele. Nilikuwa nimekwisha kupanga nitakachofanya. Ningeteremka na kupiga magoti katikati ya barabara. Sikukutana na mutu ila mama mumoja na mihogo yake, naye akaniogopa mimi.

Walikuwa wanakula, chini ya kibanda kilekile. Mikono ilisimama sahanini kabla sijazima pikipiki. Niliketi chini, si kwenye kiti, nikaweka pesa kwenye mukeka, nikaweka kuku kando yake. Nilisema maneno machache: "Neno limeoza. Nilikula. Hizi ndizo nilizo nazo. Nawaomba musije kwangu, mama yangu ni muzee."

Sauti yangu ilikuwa nyembamba, kama ya mutu mwingine.

Pedeje hakugusa pesa. Aliwapitia kuku, mumoja mumoja, akiwageuza na fimbo. Kwa yule mwekundu akasimama.

"Huyu si wangu."

Wachimbaji wakasogea. Nikaeleza habari ya mwewe, maneno yakigongana, na nilipofika kwenye kandambili iliyobaki njiani, mutu mumoja nyuma alikohoa, na nikajua kwamba alikuwa anameza kicheko.

"Ulimununua?" akauliza Pedeje.

"Nilimununua."

"Kwa pesa yako?"

"Franga elfu kumi na nane."

"Mama mudogo," Pedeje akaita, "kuna kuku wa mugeni hapa. Wangu hawachinjwi. Huyu ni wake, anachinjika."

Muzee alikuja, akamuchukua yule mwekundu na kumupelekea kijana wa meno, ambaye alimuelekeza kibla na kumuchinja. Wakati anapikwa hakuna aliyesema nami. Niliketi pale, jua likinihama kutoka bega moja kwenda lingine, na niliogopa kuliko siku zote za barieri na bunduki, kwa sababu bunduki unajua inataka nini.

Pedeje alikuja kuketi karibu, akinyoosha kile kidole chake kibovu.

"Unajua zile elfu tisa zilikuwa za nani?" akasema kwa sauti ndogo. "Tatu zangu. Sita zao. Niliwaambia: mutu huyu namujua, tumelala turubai moja. Kila mwezi waliniuliza kwa nini hatuendi kuketi kwake. Kila mwezi nilituma kuku ili wangoje mwezi mwingine. Wewe uliogopa watu arobaini miezi sita, ukiwa mbali, nyuma ya mulango. Mimi nalala nao."

Nilimutazama. Nilikuwa nimesema kwamba hakuna kinachoweza kunishangaza. Kumbe rafiki yangu tajiri, Pedeje wa mapedeje, alikuwa na woga uleule nilioubeba mimi, na kuku wake niliowaona kama visu walikuwa ngao aliyoshika mbele yangu.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ningesema nini? Kwamba ninaogopa? Wewe ungesema?"

Sahani ikaja. Firigisi ilikuwa juu, peke yake. Sikunyoosha hata kidole. Pedeje alichukua kisu, akaikata katikati mbele ya watu wote, akaila nusu moja, akasukuma nyingine kwangu.

"Yeye alisema kwa kinywa kikubwa," akawaambia, "na mimi niliamini kwa sikio kubwa. Nusu ujinga wake, nusu wangu. Nani anakataa?"

Yule kijana wa meno ndiye alijibu.

"Ale nusu yake. Lakini nusu ya tisa haiko tatu na mia nane. Ile pikipiki inatembea?"

"Inatembea," nikasema.

"Mia saba."

Alikuwa ananipunja, na wiki iliyotangulia ningebishana naye mpaka jua kuzama. Nikatoa ufunguo.

Nilikula nusu yangu. Ilikuwa ngumu, haikupikwa vya kutosha, nikaimeza. "Wamekula," akasema muzee, na wote wakamujibu. Kuku watano walibaki Salamabila kwa mwenyewe. Nilirudi Kasongo nyuma ya pikipiki ya mutu, nikimushika kiuno kama bibi harusi, na nilipoona mabati yangu kwa mbali nilianza kuhesabu milango kabla ya kuhesabu watoto.

Mama alikuwa dirishani. Aliuliza tu kama niliketi. Nilisema niliketi. Muke wangu aliuliza imetugharimu kiasi gani, naye nikamujibu bila kuongeza wala kupunguza, labda mara yangu ya kwanza: dola elfu nne na mia tano, na franga elfu kumi na nane.